Ulishuhudia Nini? Ndugu, Shamba na Wakili

NENO LA MSINGI: Yeremia 32:6–15. Soma pia Mwanzo 23, Matendo 5:1–4 na 1 Wakorintho 6:1–8.



Hivi majuzi, baada ya maombi ya Jumatano, dada mmoja alibaki nyuma mpaka watu wakaisha. Alikuwa na swali ambalo hakutaka kuliuliza mbele ya wengine. Yeye na mume wake wamepata ploti ya kununua, na anayeuza ni mtu aliyeokoka, tunaabudu naye hapa hapa. Bei wameshaelewana. Sasa akaniuliza hivi: "Pasta, nikimwambia huyu ndugu twende kwa wakili Kitale, si nitakuwa nimemwambia simwamini? Na Jumapili tutashiriki meza ya Bwana pamoja aje?"

Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu giza lilikuwa linaingia na alikuwa na safari ya kutembea. Lakini swali lake lilinifuata mpaka nyumbani. Ukiliangalia vizuri, ni swali la dhamiri kabla ya kuwa swali la sheria. Je, upendo wa ndugu unahitaji karatasi? Mtu akidai maandishi, mhuri na wakili, amepunguza imani? Wengi wetu tunalo hilo swali moyoni, ila tunaogopa kulisema. Wiki hii nataka kulijibu polepole, na nitaanzia pale mimi mwenyewe nilipoanguka. Familia zote mbili zinazohusika nimeziomba ruhusa, nao wamekubali niandike ili wengine wapone.

NILIPOTIA SAHIHI

Miaka sita iliyopita nilikuwa bado mpya katika huduma hapa. Jumapili moja, baada ya ibada ya pili, ndugu wawili waliingia kwa ile afisi ndogo nyuma ya madhabahu. Mmoja alikuwa mzee anayeheshimika sana, mtu aliyenipelekea maziwa nyumbani mwezi wangu wote wa kwanza hapa bila kunidai hata shilingi. Mwingine alikuwa baba kijana, fundi, ambaye alikuwa ameuza ng'ombe wawili na kuongezea mkopo wa chama cha mke wake. Walikuwa wameandika makubaliano kwa ukurasa wa daftari: nusu eka, shilingi laki sita, pesa zimepokelewa. Wakaniomba niwaombee, halafu nitie sahihi kama shahidi.

Nikaomba. Nikatia sahihi. Tukashikana mikono sote watatu, tukasema amina.

Sikuuliza hati ya shamba iko wapi. Sikuuliza iko kwa jina la nani. Sikuuliza kama mke wa mzee anajua. Na si kwamba sikujua la kuuliza. Mimi nilisomea biashara chuoni kabla ya kuitwa kwa huduma, na kuna somo la muhula mzima tulilofundishwa juu ya kukagua kitu kabla ya kukilipia. Nililijua. Nilinyamaza kwa sababu niliona aibu kumwuliza maswali kama hayo mzee aliyenipa maziwa. Siku hiyo aibu yangu niliipa jina la imani.

Miaka miwili baadaye mzee akalala katika Bwana. Baada ya mazishi, ndugu zake walimwendea yule fundi wakiwa na mzee wa mtaa. Hati ilikuwa bado kwa jina la baba yao, aliyefariki zamani, na familia haikuwa imewahi kufungua kesi ya urithi. Mzee alikuwa ameuza kipande alichokuwa akilima miaka yote akijua ni chake, na mimi naamini nia yake ilikuwa safi: zile pesa zilimlipia kijana wake karo ya chuo. Lakini hakuwa na uwezo kisheria wa kuuza. Mjane wake akasema hakuwahi kuambiwa. Na yule fundi tayari alikuwa amejenga nyumba ya vyumba vitatu na kupanda ndizi.

Leo familia hizi mbili hukaa pande mbili za kanisa. Wapendwa, hakuna mwizi kati yao. Hilo ndilo huniuma zaidi.

Mke wa fundi alikuja kuniona. Hakulia, hakunitukana. Alikunjua ile karatasi juu ya meza, akaweka kidole kwa sahihi yangu, akasema: "Pasta, hapa umeandika shahidi. Ulishuhudia nini?"

Sikuwa na jibu. Shahidi ni mtu aliyeona. Mimi nilichoona ni watu wawili ninaowapenda wakishikana mikono. Shamba sikuwa nimeliona, hati sikuwa nimeiona, rekodi ya afisi ya ardhi sikuwa nimeiona. Tukisoma amri ya tisa tunamfikiria mtu anayesimama mahakamani na kusema uongo. Nilijifunza siku hiyo kwamba mtu anaweza kuwa shahidi wa uongo bila kutamka neno hata moja la uongo. Inatosha kutia sahihi chini ya jambo usilolijua.

YEREMIA NA BINAMU YAKE

Hebu sasa tufungue Yeremia 32. Nabii yuko kizuizini katika uwanja wa walinzi, mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu. Ni wakati mbaya kabisa wa kununua shamba. Hapo ndipo anakuja Hanameli, mwana wa mjomba wake Shalumu, anamwambia amnunulie shamba la Anathothi, kwa sababu haki ya kulikomboa ni yake.

Tazama hali ilivyo. Muuzaji ni wa damu yake. Mnunuzi ni nabii. Na Mungu mwenyewe alishamwambia Yeremia mapema kwamba Hanameli anakuja na ombi hilo. Kama kuna mauzo ya ardhi katika Biblia nzima ambayo yangepita kwa neno la mdomo tu, ni haya. Ndugu kwa ndugu, na Mungu amethibitisha.

Lakini Yeremia anafanya nini? Anapima fedha kwa mizani, shekeli 17. Anaandika hati. Anaitia mhuri. Anaita mashahidi, nao wanatia sahihi. Hati zenyewe ni mbili, moja imefungwa kwa mhuri na nyingine iko wazi. Anamkabidhi Baruku, mwana wa Neria, ambaye alikuwa mwandishi, mtu aliyezijua kazi za maandishi. Naye anaagizwa aziweke katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Yote hayo mbele ya Wayahudi waliokuwa wameketi pale uwanjani.

Kwa nini? Je, Yeremia alimshuku Hanameli? Je, alimshuku Mungu? Hapana. Yeremia alijua ya kwamba watu wanaenda uhamishoni, na kwamba wakati shamba lile litakapohitajika tena, yeye hatakuwepo na Hanameli hatakuwepo. Waliokuwepo siku ya kupima fedha wote watakuwa wamekufa. Ile hati hakumwandikia Hanameli. Aliwaandikia watu ambao hawakuwa pale.

Hapa ndipo nimepata jibu la swali la yule dada. Tunaposema "mimi na ndugu yangu tunaaminiana", tunaongea kana kwamba shamba ni jambo la watu wawili. Shamba si la watu wawili. Kuna mke ambaye hakuitwa. Kuna mtoto ambaye yuko darasa la pili. Kuna ndugu aliyeko Nairobi au Qatar anayetafuta riziki. Kuna mjukuu ambaye hajazaliwa. Hao hawakushikana mikono na mtu. Hawajui mlivyopendana. Watakachokipata ni kile mlichoacha kwa maandishi, au kile ambacho hamkukiacha. Imani yako kwa ndugu yako ni ya thamani, lakini hairithiwi. Hati hurithiwa.

ARDHI YETU NA HISTORIA YAKE

Sisi watu wa Trans Nzoia tungekuwa wa kwanza kulielewa hili. Mashamba haya yalikuwa ya walowezi. Baada ya uhuru mwaka 1963, mengine yaligawanywa kwa mipango ya makazi ya serikali, na mengine wazee wetu walichanga pesa wakayanunua pamoja kwa njia ya kampuni na vyama vya ushirika. Mzee alipata hisa, akaonyeshwa mahali, akapanda mahindi, akazaa watoto, akawagawia kwa mdomo. Wazee wengi walikufa wakiwa na cheti cha hisa na kumbukumbu tu. Waliaminiana, na kuaminiana kwao kulikuwa kwa kweli. Lakini wajukuu wao ndio hao wanapanda matatu kwenda Kitale, katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, wakibeba mafaili kwa mifuko ya plastiki.

Na kuwa na hati mkononi peke yake bado si mwisho wa maneno. Mwezi wa nne mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management na serikali ya kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema kwamba hati haimlindi mwenye nayo ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, hata kama yeye alinunua bila kujua. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 40, inasema mali iliyopatikana kwa njia isiyo halali hailindwi. Kwa hivyo lazima mtu arudi nyuma na kuuliza: huyu aliipata kwa nani, na yule aliipata kwa nani?

WAKILI ANAULIZA KWA NIABA YA WASIOKUWEPO

Sasa wakili hufanya nini hasa? Wengi tunafikiri kazi yake ni kuandika Kiingereza kigumu na kupiga mhuri. Kazi yake ni kuuliza yale maswali ambayo sisi tunaona aibu kuulizana.

Kwanza anafanya sachi katika afisi ya ardhi, ajue shamba liko kwa jina la nani leo, lina mkopo wa benki au halina, na kama kuna mtu ameweka kizuizi. Kama jina ni la marehemu, anasimama hapo hapo. Sheria ya Urithi haimruhusu mtu kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Swali hilo moja, kama ningeliuliza miaka sita iliyopita, familia mbili zingekuwa zinakula sima pamoja leo.

Pili anauliza juu ya mke au mume. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka mali ya ndoa isiuzwe bila idhini ya wote wawili. Baba, kama unauza shamba na unaogopa mama watoto asijue, tayari dhamiri yako imeshakujibu.

Tatu anaandika makubaliano. Sheria ya Kenya inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe kwa maandishi, utiwe sahihi na pande zote mbili, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwepo ikitiwa. Humo kunaandikwa bei, malipo ya kwanza, siku za kumaliza, na nini kitatokea mmoja akishindwa. Pesa zinalipwa kwa hatua, nyingine zikishikiliwa na wakili mpaka hati ziwe tayari, badala ya laki sita kutoka mkono kwa mkono katika afisi ya kanisa.

Nne, kama ni shamba la kilimo, mnaenda bodi ya ardhi. Ombi la idhini linafaa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano, na sheria inasema bila idhini hiyo mauzo ni batili. Ni kweli majaji wengine miaka hii wamewahurumia wanunuzi waliokaa shambani kwa nia njema, lakini mtu asijenge nyumba yake juu ya huruma ya jaji. Baada ya bodi kuna mpima ardhi wa kugawa na kuweka bikoni kama unanunua kipande, kuna ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na asilimia 4 kwa ya mjini, halafu uhamisho unasajiliwa na hati inatoka kwa jina lako. Hapo ndipo umenunua. Kabla ya hapo umelipa tu.

Ukirudi Mwanzo 23 utaona mambo haya si ya Wazungu. Ibrahimu anamtaka Efroni Mhiti amuuzie pango la Makpela amzike Sara. Efroni anampa bure, mbele ya watu wote. Ibrahimu anakataa kwa heshima, anapima shekeli 400 langoni pa mji, mbele ya Wahiti. Na maandiko yanaorodhesha kilichouzwa: shamba, pango lililomo, na miti iliyo ndani ya mipaka yake pande zote. Hata miti! Ni ndugu wangapi hapa kwetu wamekosana kwa sababu ya miti ya blugamu, mmoja akisema niliuza udongo, sikuuza miti?

"LAKINI PAULO ALISEMA"

Kuna ndugu atanijibu kwa 1 Wakorintho 6. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kushtakiana mbele ya wasioamini, akauliza si afadhali mtu akubali kudhulumiwa. Kwa hivyo, atasema, watu wa Mungu wasijihusishe na mawakili.

Ndugu, soma tena. Paulo anawakemea watu ambao tayari wako mahakamani. Anayeenda kwa wakili kabla ya kulipa anaenda ili asiende mahakamani baadaye. Saa mbili kwa wakili zinaweza kukuokoa miaka kumi ya kesi.

Na kuhusu kukubali kudhulumiwa, hilo ni neno zito na la thamani. Lakini angalia nani analisema, na analisema juu ya haki ya nani. Mimi naweza kukubali kudhulumiwa haki yangu kwa ajili ya Kristo. Siwezi kukubali kwa niaba ya mjane. Siwezi kuchukua ng'ombe wawili wa fundi na mkopo wa chama cha mke wake, nikavisamehe kwa niaba yao. Huruma ninayoitoa kutoka mfukoni mwa mtu mwingine si huruma. Nilipomwambia yule mama avumilie kwa sababu maandiko yanasema hivyo, nilikuwa namtwika mzigo ambao mimi ndiye niliuangusha. Nimemwomba msamaha kwa hilo pia.

MHURI WA YEZEBELI

Sitaki mtu aseme pasta anawapigia mawakili debe. Karatasi inaweza pia kuiba. Shamba la mizabibu la Nabothi halikuchukuliwa kwa panga peke yake. Yezebeli aliandika barua kwa jina la Ahabu, akazitia mhuri wa mfalme, akazituma kwa wazee, wakapatikana mashahidi wawili, kikao kikaitishwa. Kila kitu kilikuwa na maandishi. Nabothi akapigwa mawe kwa utaratibu kamili.

Kwa hivyo mtu asidhani mhuri ni utakatifu. Hakikisha aliye mbele yako ni wakili kweli. Kila wakili anatakiwa kuwa na leseni ya mwaka huo, na unaweza kulitafuta jina lake katika tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya. Broka wa ploti si wakili, na Sheria ya Mawakili haimruhusu mtu asiye wakili kuandika hati za uhamisho wa ardhi kwa malipo. Uliza ada mapema na udai risiti. Uliza pia: "Wakili, wewe unamwakilisha nani hapa?" Kama ni wa muuzaji, au amelipwa na muuzaji, jua hivyo, na kama unaweza tafuta wako. Wakili akikukosea, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na kupeleka lalamiko huko si dhambi. Na kama hujui kusoma Kiingereza, usitie sahihi mpaka usomewe kila ukurasa kwa lugha unayoielewa, na mtu wako akiwepo.

UKWELI MEZANI PA WAKILI

Halafu kuna jaribu moja ambalo waliookoka tunalipenda sana. Tukifika kwa wakili, tunamnong'oneza: "Andika bei ya chini." Shamba tumelinunua milioni moja, tunataka laki nne iandikwe, ili ushuru wa stempu upungue, na muuzaji naye akwepe ile kodi ya faida ya asilimia 15. Tunaita hiyo akili ya biashara.

Someni Matendo 5. Anania na Safira waliuza kiwanja. Petro akamweleza Anania wazi kwamba lilikuwa lake kabla ya kuuza, na hata baada ya kuuza pesa zilikuwa mikononi mwake. Hakuna aliyemlazimisha kutoa yote. Shida ilikuwa bei waliyoitaja. Watu wawili wa kanisa walikubaliana nyumbani juu ya bei ya uongo ya ardhi, na wakaja nayo mbele ya watumishi wa Mungu kwa uso mkavu.

Na uongo huo hurudi kumwuma aliyeutunga. Yale mauzo yakivunjika, utadai urudishiwe milioni moja, na makubaliano yenye sahihi yako yatasema laki nne. Utasimama mbele ya jaji useme nini? Kwamba ulidanganya wakati ule lakini sasa unasema kweli?

ANAYEUZA NDIYE AANZE

Sasa narudi kwa yule dada. Anaogopa kusema "twende kwa wakili" kwa sababu neno hilo likitoka kwake litasikika kama shaka. Ni kweli, kwetu linasikika hivyo. Yeye ndiye mwenye pesa za kupotea, na bado yeye ndiye anayebeba aibu ya kuuliza. Hiyo si haki.

Kwa hivyo nasema na wanaouza. Ndugu, wewe ndiye unayelijua shamba lako. Unajua hati iko wapi, unajua kama ndugu zako wamekubali, unajua kama mama watoto ana habari. Usingoje kuulizwa. Wewe sema kwanza: "Njoo na mtu wako, twende kwa wakili, hii ni nambari ya shamba, fanya sachi. Na mke wangu atakuja." Maneno hayo ni upendo. Yanamwondolea mwenzako aibu kabla hajaibeba. Ibrahimu na Efroni walikutana langoni, mahali pa wazi, na hakuna aliyetukanwa. Mtu mwenye nia njema hapotezi kitu akishuhudiwa. Na muuzaji akikasirika kwa sababu umetaja wakili, usimhukumu haraka, pengine ni aibu tu kama yangu. Lakini usilipe.

Wengine watasema gharama ni kubwa. Najua hali ya mifuko, na najua bei ya mbolea na bei ya gunia la mahindi. Basi kama pesa ya sachi na wakili haipo, ploti hiyo bado hujaifikia. Ngoja msimu mwingine. Gharama ya wakili ni sehemu ya bei ya shamba, kama vile mbegu ilivyo sehemu ya bei ya mavuno.

Kwa upande wangu nimeamua mambo mawili. La kwanza, sitatia sahihi tena makubaliano ya shamba katika afisi ya kanisa. Nitaomba nanyi, nitawasindikiza mpaka Kitale mkitaka, na nikiitwa kuwa shahidi nitauliza maswali yote kwanza, hata kama ulinipa maziwa. La pili, ndugu za marehemu wamekubali kufungua kesi ya urithi, na mjane pamoja nao. Ikifika mwisho na wote wakiridhia, ile nusu eka inaweza kuhamishwa kwa yule fundi kwa njia iliyo halali. Sijui itachukua muda gani. Ninachangia gharama kidogo kidogo kila mwezi, kwa sababu ile sahihi ni yangu. Wale ndugu hawajaanza kukaa upande mmoja wa kanisa, lakini Jumapili iliyopita mjane alimsalimia mke wa fundi kwa mkono, pale nje kwa mlango. Mwombe Mungu pamoja nami.

Ombi: Bwana, tusamehe pale tulipoita woga imani na tukaita uvivu upendo. Tufundishe kusema kweli juu ya mashamba yetu tukiwa hai, ili watoto wetu wasigombane juu ya makaburi yetu. Wape wajane na yatima watetezi waaminifu. Walinde mawakili wetu na rushwa, na utulinde sisi na uongo wetu. Katika jina la Yesu, amina.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Kwa nini Yeremia aliandika hati na kuita mashahidi ilhali Mungu mwenyewe alikuwa amesema naye juu ya lile shamba?
2. Kuna shamba au ploti katika familia yako iliyo bado kwa jina la mtu aliyefariki? Mmechukua hatua gani, na nini kinawazuia?
3. Umewahi kutia sahihi kitu usichokijua kwa sababu uliona aibu kuuliza? Ungefanya nini tofauti leo?
4. Nani hakuwepo mara ya mwisho ulipofanya makubaliano ya mali? Je, yeye naye angesema amina?